Maski Haikufanyi Varianti

Wasee, tuanze bila kuzunguka. Miles Morales si varianti wa Peter Parker. Gwen wa kwenye Spider-Verse pia si varianti wa Peter. Doctor Doom hageuki kuwa varianti wa Tony Stark eti kwa sababu amepewa uso wa Robert Downey Jr. Na Lwanda Magere si "Achilles wa Kenya". Najua hapo nimeudhi makundi manne kwa sekunde ishirini. Poa. Kaeni chini, kila kundi litapata zamu yake.

Onyo kwanza: humu kuna siri za muvi kadhaa. Kama mpaka leo hujaona Across the Spider-Verse ya 2023, hiyo ni shida yako sasa.

Kwa wale wamechelewa darasani: maltivasi ni ule mtindo wa hadithi ambapo kuna dunia nyingi zinazokaa sambamba, na katika kila dunia mambo yalienda tofauti kidogo. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na wenzake huko kwingine. Hao wenzake ndio tunaita varianti. Neno lilishika moto 2021 Loki ilipotoka, na tangu hapo limetumika mpaka limechakaa. Msee akichora Batman amevaa shuka, "varianti". Mtu akifanana na binamu yako, "varianti". Muvi ya zamani ikirudiwa na mwigizaji mpya, "varianti". Neno ambalo linabeba kila kitu halibebi kitu, na hili neno nalipenda sana kuliachilia life hivyo.

Kwa hivyo hii hapa maana yangu, na niko tayari kuitetea hadi stage ya mwisho: varianti ni mtu yule yule aliyepita njia nyingine. Basi. Ukitaka kumpima mtu, muulize maswali matatu.

Moja, mzizi. Je, hadithi inasema ni mtu huyo huyo? Wazazi wale wale, kuzaliwa kule kule, mahali pale pale katika familia?

Mbili, njia panda. Kuna mahali maisha yake yaliachana na ya mwenzake?

Tatu, je, hadithi yenyewe inajua kwamba wako wawili? Yaani wanaishi katika stori moja kubwa ambamo wanaweza kukutana, hata kama hawajakutana bado?

Ukipata ndiyo tatu, huyo ni varianti. Ukikosa hata moja, ni kitu kingine. Kitu kingine si tusi, na Kiswahili kina majina mazuri ya hivyo vitu vingine. Tutafika.

Varianti wa kweli anakaaje

Chukua Gamora. Infinity War ya 2018, Thanos anamtupa kwenye mwamba anakufa. Endgame ya 2019, anakuja Gamora mwingine kutoka mwaka 2014. Mzizi ni ule ule: sayari ile ile, Thanos yule yule aliyemchukua akiwa mtoto, Nebula yule yule kama dada. Njia panda unaweza kuiwekea tarehe: huyu aliondolewa 2014 kabla hajakutana na Peter Quill. Na hadithi inajua, maana kina Quill wanamuona na wanajua wao walimpoteza mwingine.

Sasa angalia kile Guardians Vol. 3 ilifanya mwaka 2023. Quill anamtaka yule Gamora wake arudi. Huyu anamkataa. Hana ile miaka waliyokaa pamoja, hana zile nyimbo walizosikiliza. Ni yeye na si yeye. Quill analia mbele ya uso anaoujua, na ule uso haumjui. Hapo ndipo varianti anauma. Uchungu wote unatoka kwenye hilo jambo moja, kwamba mzizi ni uleule na njia iliachana. Toa mzizi, na Quill anakuwa tu jamaa anayesumbua mwanamke asiyemjua kwenye stage.

Loki naye hivyo hivyo. Yule wa kwanza alinyongwa na Thanos mwanzoni mwa Infinity War. Yule wa kwenye mfululizo ni Loki wa 2012 aliyeokota Tesseract ikianguka miguuni mwake akapotea nayo. Sekunde chache tu, na maisha mawili. Sylvie ninampitisha pia: mtoto wa Asgard aliyeokotwa na Odin, halafu akachukuliwa na TVA akiwa mdogo. Yule mamba mwenye pembe? Hata ndani ya ile stori wenzake wanatania kwamba pengine anadanganya. Mimi niko na hao wenzake.

Na tafadhali msiniletee maana ya TVA. TVA ni askari. Kwao varianti ni yeyote aliyetoka kwenye mstari waliouchora wao. Ukiacha askari aamue nani ni wewe wa kweli, utajua hujui.

Wajina, au majina kama tunavyosema huku

Kuna Kware yetu hii ya Kitengela. Kuna Kware ya Rongai, kaunti hii hii ya Kajiado. Kuna Kware ya Embakasi. Jina ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe ambalo limepita midomoni mwa watu mpaka likawa letu. Panda boda Rongai useme "nipeleke Kware", halafu uone kama utafika kwetu. Hakuna mtu mwenye akili atasema Kware ya Embakasi ni varianti wa Kware ya Kitengela. Ni wajina. Zinashiriki jina kwa sababu zinashiriki kazi iliyofanyika hapo, mawe kuchimbwa. Kila moja ina watu wake na matope yake.

Maltivasi za komiki zenyewe zilianza na wajina, na watu husahau. Mwaka 1940 kulikuwa na Flash anaitwa Jay Garrick. Mwaka 1956 DC wakatoa Flash mpya, Barry Allen, mtu mwingine kabisa, ambaye alichukua jina "Flash" kwa sababu alikuwa anasoma komiki za Jay. Halafu 1961 wakawakutanisha katika toleo la "Flash of Two Worlds": kumbe Jay ni mtu halisi katika dunia nyingine. Ile stori ndiyo ilifungua mlango wa dunia nyingi za DC. Na wale wawili si varianti! Wazazi tofauti, majina tofauti, ajali tofauti. Barry ni shabiki aliyerithi jina la shujaa wake.

Sasa tumlete Miles. Aliingia kwenye komiki Agosti 2011, katika Ultimate Fallout namba 4. Mama ni Rio, baba ni Jefferson, mtaa ni Brooklyn. Peter Parker alikuwepo katika dunia hiyo hiyo ya Miles. Alikuwa na maisha yake, akafa, watu wakamlilia. Into the Spider-Verse ya 2018 ilifanya vivyo hivyo: Peter wa dunia ya Miles anauawa na Kingpin mbele ya macho ya Miles. Sasa niambie, mtu anawezaje kuwa varianti wa mtu aliyekuwa anaishi naye mji mmoja? Utasema konda wa mathree ni varianti wa dere?

Gwen vivyo hivyo. Katika dunia yake alikuwa na Peter wake, akamzika. Gwen ni varianti wa Gwen, yule aliyeanguka darajani kwenye komiki za zamani. Swali lake zuri ni "je, ingekuwaje kama yule msichana asingekufa, na yeye ndiye angeng'atwa na buibui?" Ukimwita varianti wa Peter umemnyang'anya swali lake lote.

Mkitaka varianti wa Miles, Across the Spider-Verse iliwapa mkononi. Dunia ya 42. Miles yule yule, Rio yule yule, mtaa ule ule. Ila buibui aliyepaswa kumng'ata Miles wa hapo alisafirishwa akang'ata Miles wetu. Baba amekufa, mjomba Aaron yuko hai, na kijana amekuwa Prowler. Mzizi mmoja, njia panda moja, na wako ana kwa ana chumbani. Ile dakika ya mwisho inatisha hivyo kwa sababu ni Miles na Miles. Kama kila anayevaa maski ni varianti wa kila mwingine, basi ile dakika haina maana yoyote. Ni Spider-Man mwingine tu kwenye foleni.

Watu wa huku tunapaswa kuelewa hili kuliko mtu yeyote. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake mzaa baba. Utasikia mama mzima anamwita mtoto wa miaka mitatu "guka" na hakuna anayeshangaa. Mtoto amebeba jina, amebeba heshima, pengine amebeba na deni la kufanana tabia. Lakini hakuna mtu atamdai mtoto pesa ambazo babu alikopa. Spider-Man ni jina la kurithi. Hata ugavana ni hivyo: Nkedianye aliondoka Kajiado 2017, Lenku akaingia. Ofisi moja, kiti kimoja, na hakuna aliyesema wa pili ni varianti wa wa kwanza.

Sura peke yake haitoshi

Julai 2024, jukwaani San Diego, Robert Downey Jr. alivua maski ya Doctor Doom na mtandao ukapasuka. Dakika hiyo hiyo watu walishaamua: "Ni Tony varianti." Kwa ushahidi gani? Uso. Kwenye komiki jamaa anaitwa Victor von Doom, wa Latveria, mama yake mchawi. Hana mzizi mmoja na Tony. Muvi ikija ikasema kwa mdomo wake kwamba huyu ni mtoto wa Howard Stark aliyelelewa kwingine, nitakubali, maana swali la kwanza litakuwa limejibiwa. Uso peke yake haujibu swali lolote.

Ushahidi wangu ni Chris Evans. Mwaka 2005 alikuwa Johnny Storm. Mwaka 2011 akawa Steve Rogers. Uso mmoja, na miaka yote hiyo hakuna aliyesema Captain America ni varianti wa Human Torch. Halafu 2024, Deadpool & Wolverine, anatokea, ukumbi mzima unadhani ni Steve, kumbe ni Johnny. Ule utani unachekesha kwa sababu sote tunajua uso ulitudanganya.

Upande wa pili wa shilingi: Tobey Maguire, Andrew Garfield na Tom Holland hawafanani hata kidogo, na wote watatu ni varianti. Kwa hiyo uso hauongezi na haupunguzi.

Na kwa wale wanapenda kutaja Lupita Nyong'o kwenye Us ya 2019: Adelaide na Red, uso mmoja, mwili mmoja, dada yetu akiwaigiza wote wawili mpaka unaogopa kioo. Hao si varianti. Wale wa chini walitengenezwa kama nakala za wa juu, wawili tangu mwanzo, ndani ya dunia moja. Hakuna maisha moja yaliyogawanyika. Kuna maisha mawili, na moja liliibiwa. Neno la hapo ni nakala, na muvi ni kali zaidi ukiisoma hivyo.

Simulizi si dunia mpya

Hapa ndipo watu wengi huteleza, na ndiyo maana niliweka swali la tatu.

Umekua ukiangalia DJ Afro. Usikatae. Muvi ya kigeni, jamaa anapiga stori juu yake kwa maneno ya mtaa, adui anatukanwa kama mtu wa ploti yenu. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Muvi moja ikipita kwa hao watatu, shujaa anatoka na ulimi tofauti na utani tofauti. Je, sasa kuna mashujaa watatu katika dunia tatu? Hapana. Kuna shujaa mmoja na wasimulizi watatu. Yule shujaa wa DJ Afro hatakutana kamwe na yule wa VJ Jingo, kwa sababu hadithi haijui kwamba wako wengi.

Nyerere alipotafsiri Shakespeare, Mabepari wa Venisi ikatoka 1969, hakuunda Shylock wa pili. Alimpa Shylock yule yule Kiswahili.

Spider-Man wa Tobey wa 2002 na wa Andrew wa 2012 walikuwa hivyo pia kwa miaka mingi. Simulizi mbili za mtu mmoja, studio ikianza upya. Halafu Desemba 2021 No Way Home ikawaleta chumba kimoja na Tom. Siku hiyo hadithi ilijua. Siku hiyo ndipo wakawa varianti. Kuna mtu ataniuliza njia panda yao iko wapi, maana walikuwa tofauti tangu utotoni. Jibu: njia panda inaweza kuwa nyuma ya kuzaliwa. Mzizi bado uko: Peter Parker, yatima, aliyelelewa na May, aliyeng'atwa, aliyepoteza mtu kwa kosa lake akaishi nalo. Na ile stori inawafanya walinganishe makovu yao uso kwa uso.

Halafu kuna wale wa katikati. Pavitr Prabhakar, Spider-Man wa India, alianza 2004. Hilo jina litamke polepole utasikia Peter Parker ndani. Shangazi Maya ni May, mjomba Bhim ni Ben. Huyo mimi namwita tafsiri. Wamechukua maisha ya Peter wakayahamishia Mumbai. Wazazi ni wengine, damu ni nyingine, mtu ni mwingine. Muvi ya 2023 ilimfanyia haki ilipomwacha awe na mji wake na nywele zake na maringo yake.

Huku Kajiado tuna mfano mzito zaidi, na nitaugusa kwa heshima kwa sababu ni imani ya watu, si komiki. Wamaasai husema juu ya Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, wa baraka, na Enkai Nanyokie, mwekundu, wa hasira na ukame. Mwingereza A. C. Hollis aliandika katika kitabu chake cha 1905 simulizi ambamo hao ni wawili, mmoja mwema na mwingine mkali. Wengine hushikilia kwamba Enkai ni mmoja, na rangi ni hali zake. Vyovyote ushikavyo, hakuna varianti hapo. Wakiwa wawili, ni wawili. Akiwa mmoja, ni mmoja mwenye furaha na hasira, kama mzazi yeyote. Nilishaona mtu akiandika "varianti wa Enkai" kama vile anaongea juu ya mwanasesere wa dukani. Neno lisilofaa likiingia mahali, linapotosha hata kile ulichotaka kusifu. Ng'endo Mukii alipoongoza filamu fupi "Enkai" kwenye Kizazi Moto ya 2023, alifanya simulizi mpya, Mkenya akisimulia kwa picha zake. Hiyo ni kazi kubwa inayosimama yenyewe bila kuazima neno la Marvel.

Sasa pale panaponiuma

Fumo Liyongo wa pwani: shujaa, mshairi, mwili haupenyi chuma ila sindano ya shaba kitovuni. Anayemuua ni mtoto wake mwenyewe. Lwanda Magere wa Wajaluo wa Kano: mwili wa jiwe, nguvu zake kwenye kivuli. Siri inatolewa na mke aliyetoka kwa maadui. Achilles na kisigino chake. Samsoni na nywele zake.

Unaona mchoro ule ule: asiyeumizika, sehemu moja dhaifu, msaliti wa nyumbani. Ni kweli, inafanana. Lakini kufanana kwa mchoro ni ukoo wa hadithi. Nyumba nyingi za huku Kitengela zina ramani moja, sebule hapa, jiko pale, choo kona ile. Waliomo ndani si mtu mmoja.

Hata kisa kizima kinaweza kuhama. Kile cha chungu kilichozaa, kisha chungu kikafa, sisi tunakijua kwa Abunuwasi. Waturuki wanakijua kwa Nasreddin Hoja. Na Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa miaka ya 800. Kisa kimetembea, watu wamebaki wao.

Sasa sikiliza kinachotokea mtu akisema "Magere ni Achilles varianti" au "Liyongo ni Samsoni wa Kiswahili". Anadhani anasifu. Lakini varianti katika vichwa vya watu ana "yule halisi" mahali fulani. Na ukichunguza, yule halisi kila mara ni wao, na nakala kila mara ni sisi. Hakuna hata siku moja nimesikia Achilles akiitwa "Magere wa Ugiriki". Miles anapitia jambo hilo hilo: kijana mweusi mwenye mama wa Puerto Rico, mwenye muziki wake na familia yake iliyo hai mezani, anaitwa "Peter mweusi". Yaani hata akipewa muvi zake mwenyewe bado anahesabiwa kama rangi ya pili ya kiatu kilekile.

Na hii imeingia mpaka kwa wachoraji wetu. Kuna vijana hodari hapa Kitengela na Rongai, mikono yao ni moto. Halafu anachukua Spider-Man, anamfunga shuka nyekundu, anampa rungu, nyuma anaweka twiga na jua, anasema "varianti wa Kenya". Buda. Huyo ni Peter Parker amekuja safari. Ukimvua shuka, ni mtu wa Queens, New York. Hana mama wa huku, hajawahi kusimama barabara ya Namanga saa kumi na mbili jioni akipigania kiti cha gari. Umemchora mtalii.

"Lakini ni stori tu, tulia"

Nimeshaisikia. Kama ni stori tu, mbona mnalia Gamora akikataa Quill? Stori zina sheria ndiyo maana zinauma. Mpira pia ni mchezo tu, na hakuna anayekubali bao la mkono.

Wengine watasema, "Spider-Verse yenyewe inasema yeyote anaweza kuvaa maski." Asante kwa kunisaidia. Kama yeyote anaweza kuivaa, basi maski ni cheo, na wenye cheo ni watu tofauti. Ujumbe wa ile muvi unakufa ukisema wote ni Peter. Miles anapigana muvi nzima kuwaambia kina Miguel kwamba hadithi yake haitaandikwa kwa kunakili ya mwingine. Ukitoka ukumbini ukasema yeye ni toleo la Peter, umemsaidia Miguel.

Na wengine, "Mwenye stori ndiye anaamua." Kweli, mwandishi anaamua kinachotokea. Lakini studio wanapenda hili neno likiwa legevu, kwa sababu likiwa legevu hakuna anayekufa, na asiyekufa anauzwa tena. Mwigizaji akirudi, "varianti". Shujaa akigoma kuuza, leta "varianti" mwingine. Sisi mashabiki tusipokaza neno, tunalipia tiketi ya kuangalia kifo ambacho tayari tumeahidiwa hakina maana.

Kazi ya nyumbani

Wachoraji na waandishi wa huku, nawapa kazi. Mnataka maltivasi ya Kenya? Anzeni na mzizi wa hapa, halafu tafuteni njia panda.

Liyongo: mama yule yule aliyemfichia tupa ndani ya mkate ili akate minyororo, mtawala yule yule wa Pate anayemwinda, mtoto yule yule aliyeahidiwa makubwa. Usiku ule mtoto anasimama juu ya baba aliyelala, sindano mkononi. Katika hadithi tunayoijua anadunga. Katika dunia yako, anaitupa baharini. Kesho yake asubuhi inakuwaje? Baba anajua? Mtoto anaweza kumtazama machoni?

Magere: mke anapomtibu anagundua siri ya kivuli. Katika hadithi tunayoijua anatoroka kwenda kwao na habari. Katika dunia yako, anakaa kimya. Watu wake wanaendelea kufa vitani, na yeye anajua kwa nini. Huyo mwanamke ni nani sasa?

Hao watakuwa varianti, na yule wa kwanza, yule ambaye wengine wote wanapimwa kwake, atakuwa Liyongo wetu na Magere wetu. Chora huyo mtoto na hiyo sindano. Ukimaliza nitumie, nitaipost, na shuka ukitaka kuweka weka, bora mwenye kuivaa awe na kwao.